Viatu vya Usalama, au Viatu vya Askari?

MAJUZI jirani yangu, ambaye ni mwalimu wa ufundi wa vyuma katika chuo kimoja nisichokusudia kukitaja, alinijia na simu mkononi. Alikuwa amepewa fedha za kununua jozi 12 za viatu vya karakana, na kwa kuwa maduka ya mjini yalimtajia bei za kutisha, alikuwa akivitafuta kwenye intaneti. “Daktari,” akaniambia, “wewe ni mtu wa lugha. Hebu nisomee hapa.” Nikaona viatu vyeusi vya kupendeza, bei nafuu, na chini yake maandishi ya Kiingereza yaliyotaja kiwango cha EN ISO 20347. Nami, kwa kiburi cha msomi, nikamhakikishia kwamba nambari ya ISO ni ithibati tosha. Akaagiza.

Viatu vilipofika, mwalimu alikibonyeza kimoja kwa kidole gumba pale mbele, kikabonyea. “Daktari, hapa hapana chuma.”

Nililazimika kurudi kwenye nambari zile na kuzisoma kama nilivyopaswa kuzisoma tangu mwanzo. Viatu vyenye kigamba kigumu cha kulinda vidole ni vya kiwango cha EN ISO 20345. Kigamba hicho hupimwa kwa pigo la jouli 200, yaani takriban nguvu ya chuma cha kilo 20 kinachoanguka kutoka urefu wa mita moja. Kiwango cha 20347 ni cha viatu vya kazi tu, na hakidai kigamba chochote. Mimi ninayewafunza vijana kila mwaka kwamba “pata” na “bata” hutenganishwa na sauti moja, nilishindwa kuona kwamba tano na saba hutenganisha mguu mzima na mguu uliopondeka. Muuzaji hakusema uongo. Aliandika ukweli kwa namna ambayo hakuna aliyeuelewa.

Nikajaribu kutafuta upya, mara hii kwa Kiswahili. Niliandika “viatu vya usalama”, nikaletewa mabuti ya walinzi. Waama, kosa si la mashine peke yake. Neno “usalama” kwetu limebebeshwa mizigo miwili: kuna usalama wa vikosi na mabunduki, na kuna usalama wa mtu asiumie kazini. Ndiyo maana mimi napendelea tuseme “viatu vya kinga”, “miwani ya kinga”, “vifaa vya kinga”. (Kinga ya kwenye methali, ile ambayo kwa nyingine ndipo moto huwaka, ni kijinga cha moto, wala haihusiki hapa.)

Wenzangu fulani watacheka. Watasema kwamba fundi wa Gikomba anajua “helmeti”, “glavu” na “ovaroli”, na yamtosha. Sina ugomvi na maneno hayo. Yamekwisha kuwa ya Kiswahili. Tunachokosa si majina, bali sentensi. “Viatu hivi havina chuma cha kulinda vidole.” Sentensi hiyo haikosi neno hata moja katika Kiswahili, ila sikuiona popote.

Hali ni mbaya zaidi kwa miwani. Kioo cha kuchomelea vyuma kwa umeme huwa na nambari ya giza, aghalabu kati ya 10 na 13. Miwani ya jua, hata iwe nyeusi namna gani, haikaribii hapo. Mwangaza ule huunguza jicho bila mtu kuhisi, na uchungu huja saa kadhaa baadaye, kana kwamba jicho limetiwa mchanga. Kijana anayenunua kwa kutazama picha tu atajuaje?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa, pamoja na maelezo na mafunzo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ukivisoma vifungu hivi viwili pamoja, ni vigumu kuona kwa nini anayeuza vifaa vya kuokoa viungo vya watu aruhusiwe kuvieleza kwa Kiingereza na nambari peke yake.

Nanyi walimu wa Kiswahili mnaosoma haya, mbona insha za wanafunzi wetu ni za ajali mbarani na sherehe za harusi daima? Wapeni maandishi ya kofia ya mjengo, wayaeleze kwa aya moja ambayo kibarua ataielewa. Kofia za kiwango cha EN 397 huandikwa ndani mwaka na robo ya mwaka zilipotengenezwa, kwa sababu plastiki huchakaa kwa jua. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuigeuza kofia ile na kutazama?

Muuzaji alikubali kurudishiwa jozi tisa. Tatu zilikuwa zimekwisha kuvaliwa, akazikataa, na ikanibidi nimlipe mwalimu gharama yake. Moja kati ya hizo naivaa shambani.