Chupa Iliyo Chini ya Kitanda

Ukienda kumjulia hali jamaa yako hospitalini ukakuta mpira umetoka ubavuni mwake na kuingia katika chupa iliyo sakafuni, usiiinue chupa hiyo, hata kwa nia njema ya kusafisha. Mpira huo huondoa hewa, damu au usaha uliolizunguka pafu. Ncha yake huzama sentimita 2 hivi majini, ili hewa itoke bila kurudi. Chupa ikiinuliwa kupita kifua, maji yaweza kuingia ndani. Mpira ukikunjwa ilhali hewa ingali ikitoka, hewa hujikusanya na kuligandamiza pafu. Mgonjwa aweza kufa.

Wala usimharakishe daktari autoe. Yeye hungoja mapovu yakome, majimaji yapungue, na picha ya eksirei ionyeshe kuwa pafu limetanuka. Wajibu wako ni kumhimiza mgonjwa akohoe, avute pumzi ndefu, na atembee muuguzi akiruhusu. Akiogopa maumivu, muombee dawa. Akihema kwa shida, au mpira ukichomoka, mwite muuguzi hapo hapo. Heri kungoja siku mbili kuliko kutobolewa ubavu mara ya pili.