Zamu ya Usiku

Ndugu Waislamu, huku milimani Upare baridi ya Juni na Julai ni kali, na vyoo vingi vi nje ya nyumba. Mzee atokaye gizani aweza kuanguka. Basi mwekeeni taa na chombo cha haja karibu na kitanda. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda.

Lakini asiachiwe mkamwana peke yake. Akeshaye kila usiku huchoka, na mchovu hughadhibika. Na Kurani, sura ya 17, aya ya 23, yatukataza kuwatolea wazazi hata neno la kuchoshwa nao. Enyi vijana mlio Same mjini, pandeni mshike zamu. Haki ya mzazi i juu ya mwanawe kwanza.