Laki Saba ya Dubai: Piga Hesabu Kabla ya Kufunga Begi

Makamanda, siku hizi ukishuka Tengeru siku ya soko au ukikaa stendi ya Usa River, dili inayozungumzwa na mabinti wa rika langu ni moja tu: Uarabuni. Na kwa kuwa nasoma sheria, huku kwetu Nkoaranga nimegeuzwa wakili kabla hata sijamaliza chuo. Mwezi uliopita jirani yetu mmoja aliniletea mkataba niusome. Kazi za ndani Dubai, miaka miwili, dirham 1,000 kwa mwezi. Kwa hela yetu ni takribani laki saba. Mishahara miwili ya mwanzo inachukuliwa na wakala. Sehemu ya saa za kazi ilikuwa tupu.

Wapo wanaosema mabinti hawa wana tamaa. Mimi sikubali. Tupige hesabu.

Chukua dada anayeuza duka Arusha mjini kwa 250,000. Weka chumba 60,000, nauli ya daladala 30,000, chakula 4,000 kwa siku, yaani 120,000. Imebaki 40,000, na hapo hajanunua bando, sabuni wala kumtumia mama hata mia. Yule wa Dubai analala na kula kwa mwajiri. Hata akitumia 50,000 kwa mahitaji yake, inabaki 650,000. Kwa hiyo anayeondoka sio mjinga. Ameona pengo ambalo viongozi wetu wanajifanya hawalioni.

Lakini hiyo ni hesabu ya mwezi. Sasa tupige ya saa, maana mshahara ni bei ya muda wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo ni kama 195 kwa mwezi. Yule wa duka, kama bosi anafuata sheria, analipwa karibu 1,280 kwa saa. Wa Dubai akiamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa mbili usiku, bila siku ya mapumziko, ni saa 450 kwa mwezi. Laki saba gawanya kwa 450 unapata kama 1,550. Tofauti ya laki nne na nusu imeshuka hadi shilingi 270 kwa saa!

Na saa 15 sio kutia chumvi. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wapo waliosema walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku, na karibu wote walinyang'anywa pasipoti. Chini ya mfumo wa kafala, kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri. Ukiondoka bila ruhusa yake, mkosaji ni wewe. Gharama hiyo haimo kwenye laki saba, na huwezi kuirudisha kwa M-Pesa.

Kwa wanaotazama Qatar, kazi za usafi au ulinzi, kuna mtego mwingine. Tangu Machi 2021 kima cha chini kule ni riyal 1,000, na mwajiri asiyetoa malazi wala chakula anaongeza 500 za malazi na 300 za chakula. Kwa hiyo wakala akikuambia "riyal 1,800, unajitegemea", usishangilie. Hicho ni kima cha chini chenyewe kimevalishwa suti.

Ushauri wangu kwa anayeondoka: usisaini mkataba wenye nafasi tupu. Dai saa za kazi na siku ya mapumziko viandikwe. Mwombe wakala leseni, maana Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya 1999 inamtaka asajiliwe. Akitaka kukata mishahara yako, kumbuka Mkataba wa ILO namba 181 wa 1997 unaweka msingi kwamba mfanyakazi asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Nakala ya pasipoti na mkataba mwachie mtu wa nyumbani. Na kwa kuwa mwajiri wa kule hakuchangii NSSF, tenga kiasi ujichangie mwenyewe kwa hiari.

Ila tusiwabebeshe mabinti peke yao mzigo huu. Serikali ichapishe orodha ya mawakala wenye leseni hadi ofisi za kata. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Balozi zetu ziwe na afisa wa kazi anayepokea simu usiku, kwa sababu mtu hafungiwi ndani saa za ofisi tu.

Na ianzie nyumbani. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi. Elfu sitini! Serikali iliyotia saini bei hiyo itamwambia nini tajiri wa Muscat kuhusu utu wa binti wa Kitanzania?

Wameru tunajua habari ya kwenda mbali kutafuta haki. Mwaka 1951 wakoloni waliwafukuza wazee wetu Engare Nanyuki, na 1952 watu walichanga, Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa New York, na wakili Earle Seaton akiwa pamoja naye. Alikwenda akiwa na watu nyuma yake. Binti wa leo anapanda ndege KIA akiwa na begi, deni la wakala na namba ya WhatsApp ya mtu asiyemjua.

Jirani yangu bado hajasaini. Amemrudishia wakala mkataba, akitaka ile sehemu ya saa za kazi ijazwe. Kama una ndugu anayejiandaa kuondoka, mwambie naye afanye hivyo wiki hii.