Tumekimbia risasi, sasa tunaipika katika safuria

Leo sileti habari. Leo nina neno la kusema, na ninajua kuna watu huku pwani ya ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira mpaka Baraka, ambao halitawafurahisha.

Wote mnakijua kijiko cha kuvulia. Ni kile kipande cha bati kilichokatwa kama jani, chenye tundu moja juu, kinachozunguka kwenye waya mbele ya ndoano unapokivuta majini. Cha dukani ni bei kali na hakipatikani kila siku. Kwa hiyo vijana wetu wanajitengenezea. Wanatumia mkebe wa mafuta ya msaada, safuria iliyotoboka, hata kijiko cha kulia kilichokatika mpini. Wanakata, wanagongea bati juu ya gogo lenye shimo mpaka lipate tumbo, wanasugua kwa mchanga na majivu. Halafu wanapaka rangi: mistari myekundu, nukta za njano, jicho jeusi. Familia iliyoacha shamba na mbuzi kule milimani inapata chochote cha kununua unga wa muhogo.

Mimi mwenyewe niliisifu kazi hiyo kwenye redio. Nilikwenda katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani na kinasa sauti changu, nikarudi na dakika nne za furaha: vijana wanajitegemea, akina mama wanacheka. Kulikuwa na kitu kinachemka pembeni katika safuria ndogo nyeusi. Sikuuliza ni nini.

Nilirudi baada ya wiki kadhaa, safari hii bila haraka. Kilichokuwa kinachemka ni risasi. Kijiko peke yake ni chepesi, kinahitaji uzito ili kizame, na uzito huo wanautoa katika betri kuukuu za magari. Wanavunja betri kwa jiwe, asidi inamwagika chini pale pale watoto wanapocheza, wanatoa mabamba ya ndani, wanayeyusha. Jioni nilimwona mama mmoja akiosha ile safuria kwa maji ya ziwa, akaweka maharagwe ndani. Na pembeni, juu ya turubai, kulikuwa na mtoto wa kike ambaye hajafika hata miaka kumi, anapaka macho ya samaki kwenye vijiko kwa njiti ya kiberiti. Kila mara alikuwa analamba ncha ya njiti ili jicho litoke duara.

Sisi Waswahili neno letu ni moja tu. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, na risasi ni ile madini yenyewe. Watu hawa waliacha kila kitu usiku mmoja kwa sababu ya risasi. Wamefika hapa, sasa wanaipika.

Tuseme wazi inafanya nini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tumbo la mtoto linanyonya risasi mara 4 au 5 kuliko la mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Inaingia katika ubongo, inajificha katika mifupa, na mwanamke mwenye mimba anampitishia mtoto aliye tumboni. Mtoto haanguki siku ile. Anaumwa tumbo, anakosa choo, anapauka, darasani anakuwa mzito, na sisi tunasema ni malaria au minyoo. Ikizidi sana, anashikwa na degedege na anaweza kufa. Maziwa si dawa yake, ijapo wazee wengi wanasema hivyo.

Atakayesema ninatisha watu, aende Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegal. Nao ni watu wa pwani, wavuvi kama sisi, na kazi yao ya pembeni ilikuwa kutoa risasi katika betri za magari. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Wengine walikuwa hawajashika betri hata siku moja. Walicheza tu kwenye mchanga ule.

Sasa rangi. Ile ya machungwa ya kuzuia kutu, ambayo mafundi wa milango ya chuma wanapaka kwanza, ya zamani ilitengenezwa kwa risasi. Rangi nyingi za njano kali pia. Si kila kopo lina risasi, lakini kwa macho huwezi kujua, na hawa watoto hawapewi hata kopo. Wanaletewa rangi katika chupa za maji ya kunywa, bila karatasi, bila jina.

Na yote hii kwa faida gani? Niliuliza wavuvi watu wazima, wale wanaotoka na taa usiku kutafuta mikeke, na wale wanaofuata sangala. Wengi walicheka. Mukeke anakula ndakala, na ndakala anang'aa kama fedha. Samaki anavutwa na ule mwanga unaowaka na kuzima kijiko kinapozunguka. Ukikipaka rangi mbele na nyuma umezima taa yako mwenyewe. Rangi nzito inakifanya kizito upande mmoja, kinayumba badala ya kuzunguka. Halafu maji yanakula wekundu kabla ya rangi nyingine zote: ukishuka mita kama kumi, ule mstari mwekundu uliolipiwa unaonekana mweusi tu. Mstari mweusi una kazi yake, sikatai, unafanya kijiko kionekane kinapepesa. Lakini huo unatosha mmoja, upande mmoja, na makaa yanaweza kuwapa weusi.

Zile nukta za njano na maua hazivui mukeke. Zinavua mnunuzi anayesimama sokoni na franka mkononi.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshalisikia usoni: «Njaa inaua leo, hiyo risasi yako itaua kesho.» Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama lingetoka kwa yule mama wa maharagwe. Yeye hakulisema. Yeye aliniuliza kama kweli, kisha akanyamaza. Aliyelisema ni mfanyabiashara mwenye pikipiki anayeleta betri na chupa za rangi asubuhi, anachukua vijiko jioni, na analipa mtoto kwa kila kumi pesa isiyotosha hata sabuni. Watoto wake yeye wanasoma mjini. Njaa anayoizungumza si yake.

Wala sitamwacha peke yake. Kuna shirika lililofundisha vijana kazi hii, likapiga picha, likaondoka. Hakuna aliyesema neno «risasi». Kuna wakubwa wa pwani wanaotoza ushuru wa kila mtumbwi na kila ndoo ya ndakala, lakini wanapita mbele ya moshi ule kama hawana pua. Na kuna mwandishi aliyeleta dakika nne za furaha.

Vijiko viendelee. Sitaki mtu aje kuvunja kazi ya wakimbizi kwa jina langu. Ila uzito uwe nati ya chuma, buji iliyokufa ya pikipiki, au jiwe lililofungwa vizuri. Mafundi wa pikipiki wanatupa buji kila siku. Bati lisuguliwe ling'ae, liachwe hivyo. Anayetaka mstari wake apake rangi ya kucha, mtu mzima, nje penye upepo, bati likiwa limeoshwa kwa sabuni na kukauka, la sivyo itabanduka siku ya kwanza. Safuria iliyoyeyusha risasi haioshwi ikawa safi. Itobolewe chini ili asiipikie mtu. Pale betri zilipovunjwa, watoto wasikae tena, na pasifagiliwe pakavu, kwa maana vumbi ndilo linaloingia mdomoni.

Mfanyabiashara wa pikipiki aliniambia nitajuta kuandika. Jina lake sijaliandika. Akitaka kujibu aje redioni, nitampa dakika nne zile zile, ila aje na moja ya zile chupa za rangi, aifungue mbele yetu atuambie ndani mna nini.