Pikipiki ya likelemba: vyombo vipya vina faida?

Katika vikundi vyetu swali moja linarudi mara kwa mara. Likelemba ikikamilika, kikundi kinataka kununua pikipiki ya kumpa motari, alete pesa kila siku. Muuzaji anaonyesha mbili: moja ya kawaida, nyingine yenye freni za elektroniki, taa inayowaka yenyewe, king'ora cha kufukuza wezi na mahali pa kuchajia simu. Ya pili ina bei kubwa. Je, tuongeze pesa?

Tuanze na freni. Zile zinazoitwa ABS zina kifaa kinachopima mwendo wa gurudumu. Motari akishika freni kwa nguvu na gurudumu likitaka kukwama, ABS inaachia na kukamata tena, mara nyingi kwa sekunde moja, ili pikipiki isiteleze. Kwenye lami yenye maji, inaokoa watu. Uhindi, nchi ya TVS na Bajaj, ilianza mwaka 2018 kuzidai kwa pikipiki mpya zinazopita saizi ya 125. Lakini Boxer na HLX tulizozoea huku kwetu kwa kawaida hazina ABS. Tena, juu ya changarawe na vumbi, faida yake inapungua. Basi muuzaji akitamka neno ABS, mwombeni fundi mnayemwamini aangalie kwanza.

Taa inayowaka mara injini inapowaka, hiyo tunaikubali. Mchana pia inasaidia motari aonekane mapema. Kama pikipiki haina, motari awashe kwa mkono. Haiombi franka hata moja.

King'ora kinalinda mali ya kikundi, si mtu aliyepanda. Mahali pa kuchajia simu ni raha tu, na simu mkononi mwa motari ni hatari.

Sasa tutazame kichwa cha mtoto. Kila asubuhi sisi walimu tunaona langoni mwa shule pikipiki moja ikishusha wanafunzi watatu, hakuna hata mmoja mwenye kaske. Hakuna elektroniki inayoponya jambo hilo. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa katika ajali kwa karibu 42 kwa 100. Lakini iwe ya kipimo cha kichwa, na ifungwe kidevuni. Kaske ya baba kichwani mwa mtoto inaruka kabla yeye hajafika chini.

Kwa hiyo, pesa ya kikundi ifuate mpango huu: kwanza freni nzima na mipira isiyolika, pili kaske mbili, ya motari na ya abiria, tatu pesa ya fundi kila mwezi. Ikibaki, nunueni king'ora.

Na katika barua ya mapatano na motari, andikeni wazi: abiria mmoja, kaske kichwani, simu mfukoni. Akikataa kutia sahihi, tafuteni mwingine.