Maswali Yasiyomo Kwenye Faili
Rufaa za wafungwa wa wizi wa mabavu nchini Kenya zinaendelea kutupwa kwa hoja inayokera. Mfungwa analalamika kwamba alihukumiwa bila wakili, na hakuna aliyemwambia kuwa serikali ingeweza kumpa. Majaji wanafungua kumbukumbu za kesi, wanaona aliwahoji mashahidi na akajitetea, wanahitimisha kwamba hakudhulumiwa. Hoja hiyo haina mashiko, na majaji wanapaswa kuachana nayo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 50(2)(h), inampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali iwapo bila wakili atadhulumika pakubwa, tena inataka aarifiwe haki hiyo mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikamtwika hakimu wajibu wa kumwarifu. Mwaka 2017 Mahakama ya Upeo ikataja mambo ya kupima, yakiwemo uzito wa kosa na ukali wa adhabu. Adhabu ya wizi wa mabavu ni kifo. Vijana wawili wakimpiga mtu na kumpokonya simu, wameshaingia kwenye kosa hilo.

Anayeshtakiwa kwa mauaji hufikishwa Mahakama Kuu, na huko hupangiwa wakili. Wa wizi wa mabavu husimama kwa hakimu, na asipokuwa na pesa, husimama peke yake. Tangu uamuzi mwingine wa Mahakama ya Upeo wa 2017, jaji wa kesi ya mauaji halazimiki kutoa hukumu ya kifo. Mwaka 2021 Mahakama ya Upeo ikasisitiza kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji tu. Kwa hiyo anayekabiliwa na kifo cha lazima ndiye asiyepangiwa wakili.

Tunaambiwa fedha hazipo na mawakili ni wachache nje ya miji mikubwa. Sawa, fungu la Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ni dogo. Ila kumwarifu mtu haki yake hakugharimu hata senti.

Turudi kwenye zile kumbukumbu. Chukua kesi inayotegemea shahidi mmoja anayedai alimtambua mwizi usiku. Wakili angeanzia kwenye ripoti ya kwanza polisi: jina au sura ya mshtakiwa imo kwenye kitabu cha matukio (OB)? Taa ilikuwa wapi, na mlikuwa umbali gani? Kabla ya gwaride la utambulisho, ulikuwa umeshamwona kituoni? Mshtakiwa ametolewa rumande asubuhi hiyo. Taarifa za mashahidi alizopewa zimeandikwa kwa Kiingereza. Yeye anauliza lile linalomuumiza: "Mimi nilikukosea nini?" Shahidi anajibu kwamba wewe ndiye uliyenipiga kwa rungu. Hakimu anaandika jibu. Swali lenyewe mara nyingi haliandikwi, na ushahidi dhidi ya mshtakiwa umezidi kupata nguvu kwa kinywa chake mwenyewe.

Miaka baadaye jaji anasoma ukurasa huo na kuona mtu aliyeshiriki kikamilifu katika kesi yake. Kushiriki gani huko? Faili haiwezi kuonyesha swali ambalo halikuulizwa, pingamizi ambalo halikutolewa, wala shahidi wa utetezi ambaye hakuitwa. Hasara ya kukosa wakili ni hayo hasa. Majaji wanatafuta dhuluma mahali ambapo haiwezi kuonekana, kisha wanatangaza kwamba haikuwepo! Na anayetakiwa kuithibitisha ni mfungwa, mara nyingi kwa rufaa aliyoiandika mwenyewe gerezani.

Katiba iliposema mapema ilimaanisha kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani. Hapo kinachopimwa ni shtaka na adhabu yake, na vyote viwili vinajulikana mara hati ya mashtaka inaposomwa. Kipimo hicho hakikuwekwa kiwe kiraka cha kufunika kosa la hakimu miaka kumi baadaye.

Mahakama ya Rufaa iamue waziwazi: katika kosa lolote la kifo, ikiwa kumbukumbu za siku ya kwanza hazionyeshi kwamba mshtakiwa aliarifiwa haki hii, hukumu ibatilishwe na kesi isikilizwe upya. Mahakimu wataanza kuwaarifu washtakiwa wiki hiyohiyo.