Kasumulu na uraibu: dawa ni ya bure, nauli je?

Kila tunapogusa dawa za kulevya hewani, wasikilizaji wengi wanaopiga simu husema jambo moja: wakamatwe. Tunawaelewa. Mtu wa Kasumulu aliyeibiwa sufuria na teja usiku, hana hamu ya mhadhara asubuhi. Na anayevusha au kuuza unga ni mfanyabiashara, huyo asakwe.

Anayeutumia ni habari nyingine. Mwili uliozoea heroini ukiikosa hushikwa na arosto: viungo kuuma, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi. Mahabusu hayamalizi uraibu. Tena akitoka, mwili umeshasahau ukali wa unga, na akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua. Wazazi wanaomfungia kijana ndani wiki mbili "mpaka imtoke" wajue hatari ni ileile.

Nchi yetu ilishaliona hili. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto bila kumlewesha aliyepewa kipimo sahihi. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na mwaka 2017 Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ni bure.

Bure, lakini hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa miezi, mara nyingi miaka. Kutoka hapa mpakani hadi Mbeya ni kama kilomita 100 na ushei, kupitia milima ya Tukuyu. Kijana anayeosha malori au kubeba magunia ya mchele atoe nauli ya Kosta kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, halafu kazi aifanye saa ngapi? Akihamia Mbeya, atalala kwa nani? Ndiyo maana tunasita kuitikia mtu anaposema vijana hawa hawataki kupona.

Methadoni nayo si ya kila kitu. Haitibu pombe wala bangi. Na kwenye bangi tuna mkanganyiko wetu wa mpakani: mwaka 2020 Malawi ilitunga sheria inayoruhusu kuilima kwa leseni, kwa ajili ya dawa na viwanda, basi wapo wanaodhani ukivuka daraja la Songwe unavuta upendavyo. Sivyo. Upande huu hata kuilima ni kosa.

Turudi kwenye unga. Daktari wa Mbeya anaweza kumpima mgonjwa na kumwanzishia dozi, kisha aendelee kuinywa Kyela, karibu na mama yake na kibarua chake. Hapo panahitajika chumba chenye kufuli imara, muuguzi aliyefunzwa na daftari la kila siku. Madiwani wetu watakapokuja studio kuzungumzia bajeti ya halmashauri, tutaanza na hilo.